Staji Bila Visa

Mpelelezi Illuminée Kayitare alipofika Grande Barrière, kituo cha mpaka kati ya Gisenyi na Goma, alasiri ile, alimkuta msichana amekaa kwenye benchi la chumba cha uhamiaji, magoti kayabana, macho kayakaza mezani. Juu ya meza palikuwa na begi la buluu la mgongoni, koti jeupe la maabara lililokunjwa vizuri, na kitu cheusi chenye mkia mrefu wa waya.

Evode, afisa wa uhamiaji aliyekuwa amempigia simu, alimvuta hadi dirishani akamsimulia kwa sauti ya chini. Hakuwa akimtafuta mwizi, alisema. Alichokiona kwanza ni koti. Msichana huyo, Nadra binti Abdu, alikuwa akivuka kila siku kutoka Goma kwa jeton, kile kikaratasi wanachopewa majirani wa mpaka waende sokoni au wakasalimie ndugu. Leo, akirudi kwao, ncha ya koti ilichungulia kwenye zipu ya begi, naye Evode akamuuliza anafanya kazi gani. Nadra akajibu bila kusita kwamba yuko kwenye staji, mafunzo ya kazi ya mwaka wa mwisho, katika maabara ya kliniki moja mjini. Akaulizwa visa. Akasema hana, kwani halipwi.

"Wote huniambia hivyo," Evode alisema. "Nikamwambia sheria haiulizi unalipwa au hulipwi. Inauliza unafanya nini. Mwanafunzi akishika kazi ya mafunzo nje ya nchi yake, hata kama anaambulia asante tu, anatakiwa awe na visa ya mafunzo."

Alikuwa tayari kumrudisha kwao na onyo. Lakini wakati wa kumrudishia begi alihisi uzito chini, mahali ambapo hapakuwa na daftari wala kitabu. Akainua kadi ngumu ya sakafu ya begi, na kile kitu kikawa pale.

"Unakijua?" Illuminée aliuliza.

"Ni sondi ya mashine ya ekografia, ile wanayompitishia mama tumboni. Mke wangu ni mjamzito, nimeiona juzi. Bila hivyo ningedhani ni mashine ya kunyolea."

Illuminée hakuigusa. Aliinama akaitazama kwa muda. Waya ulikuwa umezungushwa kwa mizunguko iliyolingana, ukafungwa kwa kipande cha bendeji. Kichwa cha sondi kilikuwa kimevishwa glovu ya mpira, na kidole cha glovu kimepigwa fundo ili isichomoke. Aliyekiweka hakuwa na haraka, tena alijua kwamba kifaa kile kikigongwa hakina faida tena. Huyo hakuwa mwizi wa kupora na kukimbia.

Alimuuliza Evode kama kliniki imetoa taarifa ya kuibiwa. Evode akasema hapana, na kwamba hakumwambia mtu mwingine yeyote.

"Vizuri," Illuminée alisema. "Tuendelee hivyo hivyo. Kwa kila atakayeuliza, msichana amezuiwa kwa ajili ya visa, basi."

Akavuta kiti akaketi mbele ya Nadra. Illuminée alikulia Karagwe, wazazi wake walikokuwa wakimbizi, na Kiswahili chake cha Tanzania kiliwachekesha watu wa Gisenyi, waliosema anaongea kama redio. Lakini kilikuwa na faida moja: watu walimsikiliza hadi mwisho. Alimwambia Nadra ajibu polepole, na asikisie asichokijua.

"Hii kitu ni ya nani?"

"Sijue, Afande. Mi sijawahi kuishika. Mi niko wa labo, damu na mikojo. Écho iko chumba ingine."

"Begi huliacha wapi ukiwa kazini?"

"Nyuma ya mlango ya labo. Kila mutu anapita pale."

Alijibu vivyo hivyo kwa kila swali, maneno yakiwa yamenyooka. Illuminée akaligeukia jambo la visa, si kwa sababu ya sheria, bali kwa sababu halikumwingia akilini. Nadra alikuwa na mama mdogo, Epiphanie, mdogo wake mama yake, aliyeishi Mbugangari, mtaa wa karibu kabisa na kliniki. Kwa nini basi ahangaike kuvuka mpaka asubuhi na jioni?

Nadra akaeleza kwamba hilo ndilo alilolitaka tangu mwanzo: apate visa ya mafunzo, alale kwa mama mdogo, apumzike na foleni za mpaka. Aliomba kliniki imwandikie barua ya kumpokea, kwa maana bila mwenyeji kukubali hakuna ombi la visa. Jibu lililorudi ni kwamba daktari mkuu, Vénuste, amekataa.

"Docteur alikatala kabisa. Alisema mutu hana mushahara hana kazi, jeton inatosha. Nisipende, nitafute staji ngambo ingine."

"Alikuambia mwenyewe?"

"Alimutuma Madame Larissa, mukubwa wangu wa labo. Madame ni muzuri, alinionea huruma. Juu ya ile njo kliniki ilinipatia hata motari wa kunipeleka kwetu jioni."

Illuminée akauliza kuhusu motari huyo, dereva wa pikipiki. Jina lake ni Gad, Nadra alisema, anamsubiri upande wa Goma kila jioni, na kliniki ndiyo inayomlipa, au ndivyo alivyoambiwa. Wakiwa njiani begi huwa wapi? Nadra akashangaa kidogo kwa swali hilo. Gad hulibeba yeye, mbele, juu ya tangi, kwa sababu hapendi abiria mwenye mzigo mgongoni.

Illuminée akasimama akaenda dirishani. Ng'ambo ya vizuizi vyote viwili, upande wa Kongo, mwanamume mwenye jaketi jekundu alikuwa amekaa juu ya pikipiki, uso ameuelekeza Gisenyi. Mama mmoja mwenye beseni alimsogelea, naye mwanamume akatikisa kichwa kumkatalia. Akaja mwingine, naye akakataliwa. Ilikuwa saa ya watu kurudi kutoka sokoni, saa ambayo hakuna motari anayekataa abiria.

"Ni yeye?"

Nadra akachungulia. "Ni yeye."

Sasa picha ilikuwa imeanza kukaa. Mtu wa ndani ya kliniki anaweka mzigo chini ya begi, msichana asiyejua kitu anauvusha, Gad anautoa njiani. Mtu aliyemnyima visa, akampa na pikipiki ya bure, ndiye aliyehitaji begi lile livuke kila jioni. Kwa maneno ya Nadra, mtu huyo alikuwa Daktari Vénuste. Illuminée alimwachia Evode sondi ndani ya kabati lenye kufuli, akamwomba amweke msichana palepale na ampatie chai, akachukua begi na koti, akaondoka.

Kliniki ya Daktari Vénuste ilikuwa nyumba ya ghorofa moja yenye bustani safi mbele. Vénuste alikuwa mtu mnene, mwenye miwani ya kusomea aliyoishusha hadi ncha ya pua. Illuminée alimwambia tu kwamba kuna mwanafunzi wa Goma amezuiwa mpakani, na anasema yuko kwenye mafunzo hapo.

"Bon, Madame," Vénuste alisema, "wanafunzi wanapita hapa wengi, wanatembelea. Huyo simujui."

Alisema hivyo huku akipangusa miwani iliyokuwa safi tayari. Illuminée akamwacha aipanguse. Kisha akauliza kwa upole kama wageni wanaotembelea kliniki hiyo hupewa koti lenye nembo ya kliniki kifuani, akalitoa koti la Nadra, akalitandaza juu ya meza.

Vénuste akalitazama koti lile, na mabega yake yakashuka. Akakiri kwamba anamjua. Alikuwa ameogopa, alisema, kwa sababu mwenyeji naye anaulizwa, na kliniki ingeweza kuadhibiwa kwa kumweka mwanafunzi wa kigeni bila kibali. Illuminée akamuuliza moja kwa moja kwa nini alimkatalia barua.

Daktari akainua kichwa. Safari hii hakuwa na woga, alikuwa ameshangaa.

"Kukatala? Madame, mi njo nilimwambia aombe. Nilisema barua nitasaini siku ile ile. Larissa akarudi akaniambia msichana hataki, eti baba yake ni mugonjwa, anapenda kulala kwao. Donc nikaacha. Nilifanya vibaya, najua, ningesema hapana visa, hapana staji. Lakini kukatala, hapana."

Illuminée alikuwa ameshasikia watu wengi wakijitetea, na mtu anayejitetea kwa uongo huanza na sifa zake mwenyewe. Huyu alikuwa ameanza na kosa lake. Akamuuliza kuhusu pikipiki ya kumpeleka Nadra nyumbani, inayolipwa na kliniki. Vénuste akasema kliniki haijawahi kumlipia mtu yeyote pikipiki, hata yeye mwenyewe huja kwa miguu. Basi Illuminée akatoka ukumbini, akampigia simu Epiphanie, mama mdogo wa Nadra, kwa namba aliyopewa na msichana, akamuuliza hali ya shemeji yake Abdu. Epiphanie akasema Abdu ni mzima, asubuhi hiyo hiyo walikuwa wamebishana kwenye simu kuhusu bei ya vitenge.

Uongo mmoja ulipelekwa juu kwa daktari, mwingine ukashushwa chini kwa mwanafunzi, na mlango wa kupitia ulikuwa mmoja. Illuminée akaomba kuonana na mkuu wa maabara.

Larissa alikuwa mwanamke wa umri wa makamo, mwembamba, nywele amezifunga nyuma, na alimpokea mgeni kwa tabasamu la mtu aliyezoea kusifiwa. Ukutani, juu ya friji ya vitendanishi, palikuwa na picha yake akiwa kijana, amevaa koti jeupe, nyuma yake theluji. Illuminée akaisifu ile picha, akauliza ni wapi. Larissa akafurahi kuulizwa. Ilikuwa Ufaransa, mji wa Lille, alisema, alikoenda kwa staji alipokuwa mwanafunzi.

"Walikulipa vizuri?"

"Kulipwa? Hata senti. Na visa yenyewe ilinitesa, Afande. Barua ya chuo, barua ya hospitali, bima, wakanirudisha mara kwa mara. Rafiki yangu alienda na visa ya utalii, wakamukamata ndani ya labo, wakamurudisha. Mi niliogopa, nikangoja yangu."

Illuminée akacheka naye kidogo. Kisha akamweleza kuhusu Nadra: kwamba amezuiwa mpakani kwa kukosa visa, na kwamba huenda akarudishwa kwao bila ruhusa ya kuvuka tena.

Larissa akaweka mkono kifuani. "Masikini mtoto. Afande, sisi hatukujua. Hana mushahara, tukafikiri ile haiko kazi. Nani angejua kama inaomba visa?"

Illuminée alitikisa kichwa kama anayekubali, akaiandika sentensi ile moyoni kama ilivyosemwa. Mwanamke aliyesumbuka namna ile kwa ajili ya visa ya staji isiyo na malipo hawezi kuwa hajui kwamba staji isiyo na malipo inataka visa. Lakini kumshika mtu kwa uongo ni jambo moja, na kumshika kwa wizi ni jambo jingine. Sondi ilikuwa imepatikana kwenye begi la Nadra, si mikononi mwa Larissa, na wakili yeyote angeliona hilo kabla ya kuvua koti lake.

Illuminée akaenda garini. Akachukua tochi yake ndogo ya kazi, akaiviringishia bendeji aliyoiomba mapokezi, akaivisha glovu, akaipiga fundo kwenye kidole. Akaiweka chini ya kadi ya begi la buluu, akaweka koti juu yake, akafunga zipu. Uzito haukuwa sawasawa, lakini anayetafuta kwa hofu hapimi uzito.

Aliporudi aliwakuta Vénuste na Larissa ukumbini. Akawaambia kwa sauti ya mtu aliyechoka kwamba kazi yake imeisha, mambo ya visa ni ya wenzake wa mpakani. Begi la msichana wamempa alirudishe kwa ndugu zake, hata hawakuwa na muda wa kulipekua. Mama yake mdogo wa Mbugangari atapita kulichukua. Akaliweka nyuma ya mlango wa maabara, mahali pake pa kila siku, akamwomba daktari waingie ofisini wamalizie maelezo.

Ofisi ya Vénuste ilikuwa na dirisha dogo la kioo lililotazama ukumbi. Illuminée akamsimamisha daktari kando ya pazia na kumwomba anyamaze, atazame tu. Vénuste akataka kuuliza, akauona uso wake, akaacha.

Hawakusubiri sana. Larissa alipita na kasha la mirija ya damu, akarudi bila kasha. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akachuchumaa. Mkono wake haukupapasa koti wala mifuko ya pembeni. Ulikwenda moja kwa moja chini, ukainua kadi, ukatoka na kifurushi cheupe. Hakukifungua. Alikitia ndani ya mkoba wake mwenyewe, akafunga zipu ya begi kama ilivyokuwa, akanyanyuka.

Pembeni ya pazia, Daktari Vénuste alivuta pumzi kwa nguvu. Illuminée alikuwa ameshafungua mlango.

"Madame Larissa," alisema, "naomba tochi yangu."

Larissa alisimama na mkoba begani, asielewe. Akaufungua, akakitoa kifurushi, akakipapasa kupitia glovu, na hapo rangi ikamtoka usoni. Alianza kusema kwamba alikuwa akitafuta ufunguo wa friji, kwamba Nadra huondoka nao kwa kusahau. Illuminée akamuuliza tangu lini ufunguo wa friji unafungwa bendeji. Akamuuliza Gad ni nani. Akamuuliza tena, polepole, nani angejua kwamba staji bila mshahara inaomba visa.

"Wewe ulijua," alimwambia. "Ulijua pia kwamba akipata visa atalala Mbugangari, na begi halitavuka tena. Ndiyo maana ulimwambia daktari kwamba Nadra hataki, na ukamwambia Nadra kwamba daktari kakataa."

Larissa akamgeukia Vénuste kama anayeomba asaidiwe. Daktari alikuwa ameketi kwenye kiti cha wagonjwa, miwani mkononi, akimtazama mwenzake wa miaka mingi kana kwamba anamwona kwa mara ya kwanza. Alichosema ni kwamba sondi ile ndiyo waliyokuwa wakiitumia kwa akina mama kutoka vijiji vya Cyanzarwe, na kwamba daktari wa akina mama angekuja keshokutwa na kuikosa, na kila mtu angekumbuka kuwa kulikuwa na msichana wa Goma. Larissa aliukabidhi mkoba kwa Illuminée, akaketi, akaomba maji.

Jua lilikuwa limeshaegemea upande wa ziwa Illuminée aliporudi Grande Barrière na begi la buluu. Larissa alikuwa ameshapelekwa kituoni, na wenzao wa upande wa pili walikuwa wamepewa taarifa ya motari mwenye jaketi jekundu. Epiphanie alikuwa amefika, mama mfupi mwenye kitenge na rozari shingoni, amemkumbatia mpwa wake aliyefunga hijabu, wote wawili wakilia kimya kimya.

Illuminée aliwaeleza yote kwa ufupi. Sondi haikuwa kosa la Nadra. Visa ilikuwa kosa, ingawa alidanganywa, na hilo Evode hakuweza kulifumbia macho: hataruhusiwa kugusa kazi ya maabara mpaka apate visa ya mafunzo. Lakini kwa kuwa sasa ni shahidi, Evode angempa kibali kifupi cha kukaa kwa mama mdogo, na Daktari Vénuste alikuwa ameahidi kumpokea upya mara karatasi zitakapotoka. Ombi alipeleke yeye mwenyewe, kwa mkono wake, bila kumtuma mtu.

"Umemaliza kwa leo," alimwambia. "Nenda ukapumzike."

Epiphanie akachukua begi. Nadra akasimama, akafika mlangoni, akasita. Mama yake mdogo akamvuta mkono, akamnong'oneza kwa Kinyarwanda twende. Nadra hakwenda. Alirudi hadi mezani, akaketi tena mahali alipokuwa.

"Afande," alisema. "Iko kitu ingine sikusema. Hapana leo tu begi ilikuwa nzito. Mara zingine pia. Mi nilifikiri ni vitabu, juu nilikuwa nachoka. Sasa najua haikuwa vitabu."

Epiphanie alifumba macho. Hata Evode aliacha kugonga mihuri. Kila mtu chumbani alielewa msichana alikuwa amefanya nini: alikuwa ameshafunguliwa mlango, na sasa alikuwa anakiri kwamba mizigo mingine ya wizi ilivuka mgongoni mwake, na hakuna aliyemuuliza.

"Unajua kwamba hii inaweza kukuchelewesha?" Illuminée alimuuliza. "Visa, chuo, kila kitu?"

"Najua. Lakini bile bitu ni bya wagonjwa."

Illuminée akampigia simu Daktari Vénuste, akamwambia asifunge kliniki, afungue stoo na aanze kukagua kila kifaa, atafika muda si mrefu. Akaiweka simu chini, akavuta kiti, akamwashiria Epiphanie naye aketi.

"Haya," alimwambia Nadra. "Anza na siku ya kwanza uliyohisi uzito."